Maganda ya Mahindi ya Mbegu

Siku ninayoikumbuka nikiwa nimeinamisha kichwa, mwanangu, ni ile niliyosimama jikoni kwa Bibi Tereza, kule Heru Juu, nikitazama juu ya mafiga.

Nilikuwa kijana wa kusuka mashada ya mapambo. Waya niliutoa kwenye fensi zilizochakaa, kamba nilizifumua kwenye magunia yaliyotoboka, na maua niliyakata kwa maganda ya mahindi. Sikuwahi kukubali bei ya kwanza ya mtu. Na Bibi tulipatana hivi: nimfagilie uani, nichukue maganda yaliyoanguka. Nilijiona mjanja, maganda bure, na shukrani juu yake.

Siku hiyo Bibi alikuwa Kibondo, akimuuguza dada yake hospitalini. Nami nilikuwa na mashada sita ya harusi ya mwalimu mmoja wa palepale. Nikahesabu maganda ya uani, nikarudia kuhesabu, yalitosha manne. Ndipo nikaingia jikoni. Mahindi yake ya mbegu yalining'inia juu ya mafiga, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yao wenyewe, na moshi umeyatia rangi ya asali. Rangi ile, mwanangu, dukani huipati.

Nilijua tumepatana ya uani. Nikajiambia ganda ni ganda, mbegu yake siigusi. Nikayashusha, nikayamenya, mahindi yenyewe nikayapanga vizuri ndani ya gunia. Nikafagia na jiko, nionekane mwema.

Nilichojifanya nimesahau ni kwamba ganda ndilo linalolishika hindi kwenye moshi, na moshi ndio unaofukuza fukusi, mdudu anayeisaga mbegu. Nami nimezaliwa hukuhuku, si mgeni wa kusingizia kutojua.

Dada yake alichelewa kupona. Bibi aliporudi, mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha. Nikaenda kuomba maganda mengine, nikapiga makofi taratibu kama tunavyoamkia wakubwa. Akaitikia salamu yote, bila kuikatisha, kisha akaniletea lile gunia. Nikatia mkono, ukatoka na unga.

“Shada lako nimeliona kwa mwalimu, mwanangu,” akasema. “Zuri. Sasa nikalipande?”



Mbegu ile ilikuwa ya mama yake, haiuzwi popote. Nikazunguka nyumba kwa nyumba kuomba nyingine, walau shamba lisilale. Kila mlango nikaulizwa ni ya nani, na yake imepotelea wapi. Nyumba tisa, na zote tisa nilisema mwenyewe. Mzee mmoja alinikabidhi mahindi manne, akauliza kama na maganda yake nitayataka.

Bibi akapanda mchanganyiko huo, kwa kuchelewa, akavuna kidogo. Msimu uliofuata hakuninyima maganda ya uani. Ila nilipokuwa nikiokota, alisimama mlangoni mwa jiko mpaka nikafunga furushi langu. Ningependelea anitukane.

Basi, mwanangu, kabla hujakiita kitu cha shambani takataka, muulize mwenyewe kinamfanyia kazi gani. Akiwa hayupo, mngoje. Mwenye harusi angekubali mashada manne. Na ukishakosea, usitume mtu akusemee. Nenda.

Mungu aibariki mikono yako, na asikuache uwe mtu ambaye mlango unalindwa kwa sababu yake.