Wino Usiotaka Kutikiswa

Saa tisa mchana, Ijumaa. Katika chumba cha nyuma cha duka la kuchapisha fulana huko Mosocho, Sharon Nyanchera ameketi kwenye kigoda, chupa ndogo ya wino juu ya paja lake. Anaibiringisha kwa kiganja, polepole, mbele na nyuma. Mabega yamemlegea.

"Sharon, jua lenu hilo linaenda," anamhimiza mwenye duka, Thadeus Owino, akiwa mlangoni.

Sharon ni Msabato. Jua likizama leo, hatashika kazi mpaka lizame tena kesho. Hata hivyo haongezi mwendo.

Ndani ya wino huo mna nyuzi za madini ya fedha, nyembamba mno, macho hayazioni. Ukichapwa kwenye kitambaa, mstari wake hupitisha umeme, na kitambaa bado hukunjika na kuvutika. Wateja kutoka Nairobi wameuleta uchapwe kwenye mikanda ya kifuani ya kupima mapigo ya moyo.

Mikanda ya kwanza ilikufa yote, haikupitisha umeme. Wino ulikuwa umetuama chini ya chupa, naye Sharon akautikisa kwa nguvu, kama mama yake anavyotikisa kibuyu cha maziwa nyumbani kwao Itumbe. Nyuzi zikakatikakatika.

"Nilidhani nausaidia," anasema kwa sauti ya chini, bila kuinua macho. "Kwetu maziwa unatikisa mpaka mkono ukatae."

Owino alicheka alipojua. "Aki wewe! Huo ni wino ama ni maziwa lala?"

Kicheko hakikudumu. Wateja wamesema mikanda ya leo ikifa pia, wanachukua wino wao. Fulana za kwaya Owino huchapa mwenyewe. Hatakuwa na kazi ya kumpa Sharon.

Sharon akikosa kazi hapa, atarudi kuchuma majani chai. Ndiko alikoingia alipoachia shule darasa la sita, mama yake, Moraa, alipoumia mgongo na kikapu kikakosa mbebaji.

"Chai ilinichosha mwili. Hii inanichosha roho," anasema. Anafikiri kidogo. "Lakini hapa sinyeshewi."

Sasa anamimina wino kwenye fremu ya wavu iliyolazwa juu ya mkanda, anauvuta kwa raba mara moja, bila kurudia. Mkanda unakaushwa kwa moto mdogo. Kisha, kuona kama mstari utastahimili kufuliwa, anautumbukiza kwenye beseni la sabuni, anaufikicha, anaukamua na kuupangusa. Owino anaunganisha betri na taa ndogo kwenye ncha za mstari.

Taa inawaka.

"Vuta," anasema Owino.

Sharon anavuta. Taa inafifia. Analegeza mkanda, na taa inarudi.

"Vuta tena, dada."

Inafifia, inarudi. Mstari haujakatika.

"Basi Jumapili uje mapema," anasema Owino, akijifuta jasho. "Mikanda iliyobaki haitajichapa."

Sharon hacheki. Anaosha fremu, anajifunga leso. Siku moja, anasema, angependa kumchapia mama yake mkanda, maana siku hizi akipanda kilima moyo humdunda vibaya. Moraa alipoambiwa aliuliza: "Na huo mkanda utanichumia chai?"

Anaiweka chupa rafuni, mbali na jua la dirishani linalozidi kuwa jekundu.

"Jumapili nitaukuta umelala chini tena," anasema. "Nitauamsha polepole."