Mwenye Kifua cha Njano Timboni

Kikundi chetu cha kutazama ndege kina sheria moja: anayekuwa wa kwanza kumwona ndege mpya ndiye anayemwandika daftarini, kwa mkono wake. Mama mmoja anayeuza nyanya sokoni Muthurwa alikuwa ametembea nasi miezi minne bila kuandika hata ndege mmoja. Fundi wa pikipiki wa mtaani kwetu alikuwa ameandika tisa, na hakumwacha asahau.

Basi Jumapili moja, baada ya ibada ya kwanza, mama akanipigia simu kutoka timbo la kuchimbia mawe lililo nyuma ya mtaa wa Komarock.

"Mwalimu, njoo haraka. Nimempata yule wa nchi kavu."

Nilikimbia na viatu vya kanisani. Fundi alinifuata na daftari, akicheka.

Acha nieleze, maana ukishajua hutasahau. Kuna ndege wawili, wadogo kama shomoro, wenye kichwa cheusi chenye mistari myeupe na kifua cha njano: mmoja wa huku kwetu, mwingine wa nchi kavu, kule kwenye ukame. Ukiwatazama kwa mbele, hata mimi siwatofautishi. Kwa hivyo tazama ubavu: wa kwetu ni wa kijivu, wa nchi kavu ni mweupe. Kisha tazama mgongo. Wa kwetu una rangi ya kutu. Wa nchi kavu, kila unyoya una ukingo mweupe, utadhani magamba ya samaki. Usijali ukikosea. Sote tumekosea hapo.

Ndege alikuwa juu ya rundo la mawe. Nikainua darubini. Ubavu mweupe. Mgongo wa magamba.

"Ni yeye," nikanong'ona.

Mama akaanza kucheza kimyakimya, mkoba wa kanisani ukimpiga nyongani. Hata fundi alimpa mkono wa pongezi, jambo ambalo nalo lilifaa kuandikwa daftarini.

Mama alikuwa ameshatoa kalamu ndege aliporuka chini, akajitupa kwenye unga mweupe ulioachwa na wachonga mawe, akagaagaa humo kwa raha zake. Kisha akarudi juu na kujikung'uta kwa nguvu. Kawingu keupe kakapanda. Tulipomwona tena, ubavu ulikuwa wa kijivu na mgongo wa kutu.

"Mathe," fundi akasema, "ndege yako ilikuwa imejipaka poda."

"Wewe nyamaza." Mama hakuondoa macho kwenye darubini. "Mwalimu, huyu si ni wa kwetu?"

"Ndiye. Nami pia amenidanganya."

Akafunika kalamu. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Tukacheka sote watatu mpaka ndege akatuhama.

"Lakini huyu wa kwetu," mama akauliza akifuta machozi, "aliandikwa na nani?"

"Si mwalimu?" fundi akasema.

"Mimi nilidhani ni wewe."

Tukafunua daftari ukurasa kwa ukurasa. Hakuwamo. Tulikuwa tumemzoea kiasi kwamba kila mmoja alidhani mwenzake alishamwandika zamani.

Mama akafunua kalamu, akamgeuza fundi, akaweka daftari mgongoni pake. Aliandika polepole, herufi kubwa kubwa, na kila fundi alipotikisika kwa kicheko aliamriwa asimame wima.