Kandida na Mgongo wa Mama Yake

Kandida alikuwa mkandaji, na sitaki kusikia mtu akicheka. Kwenye ile hoteli ya kifahari chini ya Mlima Meru, ukishapita Tengeru, wageni walikuwa wanamwulizia kwa jina kabla hata hawajapanda ndege. Wapo waliotaka kusuguliwa mwili mzima kwa kahawa ya kusagwa na asali, wapo waliotaka kukaa kwenye mvuke mpaka jasho liwaishe, na wapo waliotaka mawe ya moto. Mawe yenyewe ni ya mtoni tu, meusi na laini, yanapashwa moto kwenye maji halafu mtu anapangiwa mgongoni. Mzungu ameshuka mlimani anatembea kama mzee wa miaka tisini, Kandida anamshika saa moja na nusu, anatoka anatabasamu. Miaka kumi na moja aliifanya kazi hiyo.

Sasa huyo Kandida alikuwa na mama, Agnela, mjane wa Kibosho aliyehamia Moshono zamani, nyumba hazijabanana hivi. Na hapa nitasema ukweli, anichukie akitaka: kwa mama yake alikuwa haonekani. Yeye anakaa Lemara, bodaboda ni muda mfupi tu, lakini Jumapili ndiyo siku hoteli inajaa, na siku ya mapumziko ana nguo za kufua na usingizi wa kufidia. Alikuwa anakwenda Krismasi na Pasaka. Siku nyingine anamtuma bodaboda na sukari na mafuta ya kula, kisha anapiga simu: "Shikamoo Mama, mzigo umefika?" Agnela anajibu marahaba, umefika, Mungu akubariki. Basi, simu inakatwa.

Mwaka juzi, katika simu moja ya namna hiyo, Agnela akasema mgongo unamsumbua kidogo usiku, unamwamsha. Alisema juujuu tu, kama mtu anayetaja mvua. Kandida aliona aibu iliyomchoma. Anakanda migongo ya dunia nzima, wa mama yake hajawahi kuugusa! Akambembeleza Blessing, msimamizi wake, mpaka akapangiwa Jumapili za kupumzika.

Kuanzia hapo, kila Jumapili baada ya misa, alikuwa Moshono na chupa ya mafuta ya parachichi na mawe yake sita kwenye kikapu. Agnela analala kifudifudi kitandani, kanga imefungwa kiunoni, mawe yanapoa taratibu mgongoni, na midomo inafanya kazi. Walimsema kila mtu wa jumuiya. Walicheka mpaka mawe yakaanguka. Siku ya kwanza Kandida alimwambia, "Geuka Mama, nikukande na huku mbele, kwenye mabega."

"Kifua changu ulimaliza nacho ulipoacha kunyonya," Agnela alimjibu. "Wewe shughulika na mgongo."

Kandida hakurudia tena. Kwao mtoto hamfunui mama yake, na hata huko hotelini wageni wanafunikwa taulo kwa heshima. Kwa hiyo alishughulika na mgongo, na mgongo ukamtii. Jumapili jioni Agnela ananyooka, anachota maji mwenyewe, na kwa majirani anajisifu: hospitali ya nini, wakati ana binti hotelini? Gauni lake la kanisani lilipoanza kumpwaya, Kandida alilipeleka kwa fundi Ngarenaro likapunguzwe. Baada ya miezi michache akalipeleka tena. Mama anapendeza mwembamba, alisema, na wote wawili wakakubaliana.

Mwezi wa saba, siku ya Jumanne, alikuja mteja anayeitwa Madhu, mama mwenye duka la vitambaa mjini. Pale hotelini hakuna mwili unaoguswa kabla ya maswali ya kwenye fomu, na Madhu alikuwa amesahau miwani, hivyo Kandida akamsomea. Una mimba? Hapana. Una presha? Kidogo. Una maumivu ya mgongo yanayokuamsha usiku? Hapana. Umepungua uzito bila kujua sababu?

"Ningefurahi sana," Madhu akasema, akicheka.

Kandida hakucheka. Ukijibu ndiyo kwa maswali hayo mawili, mkandaji hakugusi. Anakuambia kwa upole uanzie kwa daktari. Alikuwa amewasomea maelfu ya watu. Mama yake hakumsomea hata mara moja, maana nani anamjazisha mama yake fomu? Palepale akaliona lile gauni mezani kwa fundi, likipunguzwa mara ya pili. Akamwomba radhi Madhu, akamkabidhi kwa mwenzake, akaenda Moshono na sare yake mwilini.

Hospitali walipima wiki mbili. Daktari alikuwa kijana mpole, akawaambia bila kuzungukazunguka: saratani imeanzia kwenye titi, imeshafika kwenye uti wa mgongo, na kilichobaki ni dawa za kutuliza maumivu. Akauliza mbona wamechelewa hivyo. Agnela akatazama dirishani. Kandida alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, akalia mbele za watu bila kujali nani anamwona. Alijua nani kachelewesha. Kila Jumapili alikuwa amelinyamazisha lile gonjwa kwa mikono yake mwenyewe, likaendelea na kazi yake kwa raha.

Aliomba likizo isiyo na malipo akahamia Moshono. Hotelini asingefaa tena. Akishika mgongo wa mtu, alikuwa anauona wa mama yake.

Asubuhi moja, akiwa anamlisha mama yake uji, ikamtoka. "Mama, nisamehe. Mimi ndiye niliyekuua. Ningekupeleka hospitali siku ile ya kwanza, wangekuwahi."

Agnela alisukuma kijiko pembeni. Alikuwa amebaki mifupa, lakini macho yalikuwa yaleyale ya kumkemea mtu.

"Acha kujipa makuu," akasema. "Ule uvimbe niliujua kabla hujaanza kuja na mawe yako. Nilikuwa naushika kila nikioga. Unadhani kwa nini nilikataa kugeuka?"

Kandida aliweka bakuli chini. "Sasa mbona hukuniambia, Mama?"

"Ningekuambia, ungenipeleka kwa madaktari, wangenilaza, wewe ungerudi kwa wageni wako. Ungenipigia simu kuuliza kama dawa zimefika." Alipumzika kidogo, maana maneno yalikuwa yanamchosha. "Mgongo ndio ulikuwa unakuleta. Nikaona niuache uume."

Kandida alitaka kumwambia kwamba angekuja tu, mgongo uume usiume. Lakini mama yake hakuwa mtu wa kudanganywa, hasa kwa jambo hilo. Alilaza kichwa juu ya magoti ya mama yake akalia kwa sauti, na Agnela akawa anampapasa nywele kwa mkono uliokuwa hauna uzito wowote.

"Leo siku gani?" Agnela akauliza baada ya muda.

"Jumatano, Mama."

"Jumatano," Agnela akasema, na uso wake ukachangamka. "Jumatano, na umekuja."