Kosa Alilotwishwa Gisa

Mwaka huu Hamdani hakutaka kupanda milimani Nkungu. Kila Julai, shule zikifungwa na vumbi la mji wa Kamembe likianza kuingia mpaka kwenye sufuria, yeye na mkewe Zaituni walifunga karakana wiki moja wakaenda kupumua baridi ya milimani kwa Christophe-Aimé, kaka yake Zaituni, anayelima chai huko. Miaka yote hiyo Hamdani ndiye aliyekuwa akihimiza safari. Safari hii Zaituni alimfungia mfuko wa nguo, akamvisha koti, akamwita kwa jina la mtoto wao, akamwambia tu, "Moto zimefika, Papa Shimwa." Akapanda pikipiki kimya, kama mtu anayepelekwa hospitali.

Hospitali alikuwa ameshatoka. Mwishoni mwa Mei msumeno wa mashine ulimkata mkono wa kulia: kidole gumba, cha shahada, na nusu ya kile cha kati. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na tangu akiwa na kumi na saba hakujua kazi nyingine ila mbao.

Kilichomwuma zaidi ni kwamba ajali ilikuja akiwa juu kuliko alivyowahi kuwa. Wiki tatu kabla yake alikuwa amemaliza kazi kubwa ya maisha yake: milango arobaini na kaunta ya mapokezi ya hoteli mpya kando ya ziwa. Siku ya ufunguzi aliitwa mbele za watu akapigiwa makofi. Mgeni mmoja kutoka Kigali aliipapasa kaunta ile, akasema hakujua kuwa huku wilayani Rusizi kuna mkono wa namna hiyo. Hamdani akarudi nyumbani mtu mwingine. Akaanza kwenda karakana na shati jeupe. Mama mmoja wa mtaani akija kuagiza kigoda cha jikoni, alimwambia aende kwa mafundi wadogo. Wenzake wa msikitini walipomwomba atengeneze rafu ya viatu, alijibu kwamba atatuma mtu.

Mtu wa kutumwa siku zote alikuwa Gisa, mzaliwa wa Nzahaha, mwanamume wa miaka thelathini na sita na baba wa watoto watatu. Alikuwa amefanya kazi na Hamdani miaka tisa. Katika ile milango arobaini, ishirini na kitu ilitoka mikononi mwake, na siku ya ufunguzi jina lake halikutajwa.

Baada ya ajali, kila aliyekuja kumjulia hali Hamdani hospitalini aliambiwa neno lilelile: Gisa hakukaza kinga ya msumeno. Watu wakatikisa vichwa, wakatoka, wakalieneza. Nyuzi hazijatolewa bado kwenye kidonda, Hamdani akamfukuza Gisa kazi kwa simu.

Siku mbili za kwanza Nkungu alikaa tu kwenye kibaraza, mkono mfukoni, akitazama wachumaji wakipita na vikapu mgongoni. Asubuhi ukungu ulikuwa ukishuka mpaka kwenye mikaratusi na baridi ikamchoma vidole ambavyo havipo tena. Chai ililetwa, viazi vikaletwa, watu wakaongea kwa sauti ya chini kama msibani. Siku ya tatu Christophe-Aimé alichoka kumwona hivyo, akamchukua wakapanda mpaka ukingo wa juu kabisa wa shamba.

Kutoka pale ziwa lilionekana jeupe kwa moshi wa kiangazi, na ng'ambo yake Bukavu, na huku Kamembe, mabati yamebanana.

"Angalia kule, shemeki," akasema Christophe-Aimé. "Hoteli yako unaiona?"

"Siioni."

"Hata mimi siioni. Na ile mashine yenye ilikukata, unaiona? Basi. Muntu akiwa kule chini, kizuri kikija anaona kimejaza dunia, kibaya kikija anaona kimejaza dunia. Mi mwaka ule mulima ulianguka, ulibeba chai yangu yote. Nililia kama mutoto. Leo niko nachuma tena. Njo maana napendaga kupanda hapa, nione kila kitu na ukubwa wake."

Hamdani akatoa mkono mfukoni, akauinua kati ya macho yake na ziwa.

"Kamembe iko mbali, ni kweli. Lakini huu mukono nimepanda nao, shemeki. Haukupungua hata kidogo."

Kwa kutaka kumfariji, Christophe-Aimé akasema, "Na yule Gisa naye ameona. Karim wa moto, yule aliwaleta huku, alimukuta kule chini Muganza, iko anapakia mawe ya chokaa kwenye malori. Anasema amekonda, utafikiri muzee. Mungu amemulipa."

Alilisema kwa upendo kabisa. Hamdani akageuka, akaanza kushuka peke yake, akiteleza kwenye majani makavu, na siku ile hakula.

Kesho yake asubuhi Zaituni alikuwa akimfunga vifungo vya shati, maana mkono wa kushoto ulikuwa haujajifunza bado. Alikuwa amefika kifungo cha tatu.

"Mama Shimwa," Hamdani akasema, "Gisa alikaza ile kinga."

Vidole vya Zaituni vikasimama.

"Aliikaza vizuri. Mi njo niliitoa, kwa sababu ubao ulikuwa munene, kinga ikawa inanisumbua. Akaniambia, 'Patron, turudishe kwanza.' Nikamwambia anyamaze. Simu ilikuwa kwa sikio. Kuna muntu alikuwa anataka kitanda cha harusi ya mutoto wake, mi namwambia vitanda niliacha, sasa niko fundi wa hoteli. Nilikuwa nacheka, Mama Shimwa. Nilisukuma ubao huku nacheka."

Alingoja mkewe amwambie neno, lolote lile. Kwa wiki saba alikuwa amezoea kuambiwa pole.

"Bibi ya Gisa alikuja nyumbani," Zaituni akasema hatimaye, bila kumtazama. "Mara mbili, ukiwa hospitali. Mara ya pili alipiga magoti kwa mulango, mutoto kwa mugongo, ananiambia bwana yake hajafanya kitu. Nikamwambia aondoke mbele yangu. Nilimufungia mulango, kwa neno lako weye."

Akakiacha kile kifungo cha tatu, akaingia jikoni. Hamdani akabaki ameketi kitandani, shati wazi kifuani, mpaka jua likafika utosini. Mezani chai ikapoa, na hakuna aliyemwita.

Humo chumbani aliyapitia mambo yake upya. Wiki zote hizi alikuwa akipima vitu viwili tu, hoteli upande huu na vidole upande ule, akilia kwamba kimoja kimempandisha na kingine kimemwangusha. Gisa hakuwa amemweka popote. Alikuwa amemtaja mara mia moja kwa jina, kama mtu anavyotaja mvua au foleni, na mwanadamu akateketea. Lile ndilo lililokuwa shimo, na yeye alikuwa hajalitazama kwa sababu aliyetumbukia humo hakuwa yeye.

Jumapili walishuka. Zaituni alielekea Kamembe. Hamdani akamwambia Karim ampitishe njia ya Nyakabuye mpaka Muganza. Baridi ikabaki nyuma, joto la uwanda likawapokea na vumbi jeupe, malori yamepanga mstari. Gisa hakuwa mgumu kupatikana, ingawa alikuwa mweupe kwa vumbi, nyusi hadi viatu. Alishuka kwenye bodi ya lori, akajifuta uso kwa fulana iliyoning'inia begani.

"Mzee Hamdani," akasema. Miaka tisa alikuwa amemwita Patron.

"Gisa. Nilikusingizia."

"Najua. Nilikuwepo."

Hamdani alikuwa amepanga maneno njia nzima, na yote yakampotea. "Nitasema mbele ya bote," akasema. "Msikitini, sokoni, popote nilipolisema lile neno. Rudi ateliye. Ile karakana itakuwa yako kuliko yangu. Weye uko na mikono, mi nitakuwa naangalia tu."

Gisa alikunja fulana ile polepole, kona kwa kona, kama anayefikiria.

"Useme," akajibu. "Ni vizuri useme. Batoto wangu kule mutaani banaitwa batoto ya mukata-vidole, labda bataachiwa. Lakini mi sirudi."

"Juu ya nini? Hapa utakufa na hili vumbi."

"Labda. Lakini kule kila siku nitaangalia ule mukono, na weye utaniangalia nikipitisha ubao, na bote wawili tutakuwa tunajua. Sitaki kufanya kazi namna ile." Akautazama mkono uliofichwa kotini. "Unauma?"

"Kukiwa na baridi."

"Pole," Gisa akasema, na ilikuwa pole ya kweli, ambayo Hamdani aliiona nzito kuliko tusi. Dereva akapiga honi. Gisa akarudi juu ya lori.

Ijumaa, baada ya swala, Hamdani aliomba ruhusa, akasimama mbele ya watu. Alisema kwa kifupi: kinga aliitoa mwenyewe, Gisa alimwonya, yeye akasema uongo, na uongo ule ukamla mtu. Wengine waliinamisha vichwa. Wengine walishaanza kuvaa viatu. Nje, mzee mmoja alimshika bega akamwambia yamekwisha, Mungu ni mkubwa, asijitese. Watu wawili aliokuwa akinywa nao chai kila alasiri walipita bila salamu.

Zaituni alipika ugali wa bukari na maharage jioni ile, akamtengea, akaketi naye. Hakumsifu, hakumlaumu. Alimwuliza tu kama Gisa amepata habari.

"Atapata," Hamdani akasema.

Gisa alipata. Hakupiga simu, wala hakuja. Yuko Muganza mpaka leo, anapakia zamu ya asubuhi.