Jina la Elia Katika Daftari la Jumamosi

Nilikwenda China kufuta jina la mwanangu. Wengine hapa Makambako wanasema nilikwenda kutembea, wengine wanasema nilifuata nguo za kuuza. Nguo za kuuza nizifuate na magoti haya? Nilikwenda kufuta jina, na kumrudisha mjukuu wangu Neema. Naandika mwenyewe, kwa darasa la nne la zamani. Atakayeona herufi zimepinda, azinyooshe yeye.

Elia, mwanangu wa pili, alikuwa wakala wa mizigo Guangzhou. Wafanyabiashara wa huku wakinunua nguo, yeye alizipakia kwenye makontena bandarini Nansha na kuzifuatilia mpaka zifike. Jumamosi alikuwa na klabu yake ya michezo. Miaka miwili iliyopita, Jumamosi moja, alianguka uwanjani akiwa na mpira mkononi, hakuinuka. Moyo, walisema. Mwili ukaja kwa ndege, tukamzika nyuma ya nyumba, kando ya baba yake.

Siku ya mazishi klabu ilipiga simu. Niliizima. Wakapiga kesho yake, na wiki iliyofuata, nikazima. Niliona hao ndio waliomkimbiza mtu mzima kama kijana mpaka moyo ukakoma. Sikuwa na la kuwaambia.

Neema, binti yake, alikuwa anasoma chuo huko huko. Alimaliza mwaka jana. Nafasi ya kufundisha ilikuwa inamngoja Njombe, lakini kila nikimpigia anasema, "Bado, Bibi." Mwezi wa pili mwaka huu ndipo alipotoa ukweli.

"Bibi, baba bado anaitwa."

"Anaitwa na nani?"

"Klabu. Kila Jumamosi wanasoma majina kwenye daftari, na lake wanalisoma. Siwezi kuondoka nikamwacha anaitwa."

Nilikaa kitako. Kwetu mtu akishazikwa na matanga yakaanuliwa, jina lake haliitwi hovyo. Ukimwita, anageuka. Sasa anayegeuka kila wiki atafika lini anakokwenda?

"Nakuja," nikamwambia. "Hao watu wako wanitafutie kalamu."

Makambako hadi Dar ni basi, Dar hadi Guangzhou ni ndege mbili. Sina mengi ya kueleza juu ya ndege. Unakaa, unalishwa, unavimba miguu.

Guangzhou, Alhamisi asubuhi. Neema alinipokea amekonda, macho yameingia ndani. Tulifika anakoishi, mtaa wa Kangle, ambako nyumba zimebanana hata jua halioni njia ya kushukia, na kila chumba cha chini kina cherehani zinazonguruma. Nilishika ukuta wa ngazi ili nipande. Mkono ulirudi umelowa.

"Nani kamwaga maji ukutani?"

"Hakuna, Bibi. Majira haya kuta zinatoa jasho. Sakafu pia. Itakuwa hivi mpaka hewa ikauke."

Kweli, chumba kizima kilikuwa kinalia. Maji yalishuka kwenye kioo, kwenye mlango, yakatengeneza vijito sakafuni. Nguo alizofua Jumapili zilikuwa bado mbichi. Nilijifunika blanketi lenye unyevu kama lililotolewa kisimani, nikalala nikisikia cherehani, na katikati ya cherehani, mara moja moja, kama mpira unadunda. Nikajiambia ni mashine.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, Neema alinitembeza. Kwenye bustani nilikuta wazee wa rika langu wanatembea kinyumenyume, wanapiga makofi, hawageuki kuangalia waendako. Hakuna aliyejikwaa. Neema alisema ni mazoezi ya mgongo. Nilisimama mpaka wapite wote, maana walikuja kwetu kwa visogo, na sikupenda kukutana na mtu nisiyemwona uso.

Dukani karibu na soko waliuza mashati ya karatasi, miwani ya karatasi, na raba za karatasi zenye kamba zake kabisa.

"Za watoto kuchezea?"

"Za wafu, Bibi. Siku ya kusafisha makaburi inakaribia. Wanawachomea."

"Na wafu wanavaa?"

"Ndivyo wanavyosema."

Niliziangalia zile raba. Saizi yake ilikuwa saba na nusu hivi, namba ya Elia. Nikamwambia twende.

Baadaye alinionyesha uchochoro ilikoanzia klabu. Nieleze historia yake hapa kama nilivyoelezwa, maana sikuijua, na kosa hilo ni langu. Elia, kabla hajawa wakala, na wenzake wanne walikuja kununua nguo, wakawa wanasubiri mafundi wamalize kushona. Kusubiri kukawachosha, wakaviringisha mabaki ya vitambaa, wakafunga kamba, wakapiga chandimu pale pale uchochoroni. Jumamosi iliyofuata wakawa kumi. Wakongo wakaleta mpira wa kikapu. Wanawake wa Kenya wakasema wao hawakuja kushangilia wanaume, wakafunga pete kwenye nguzo wakacheza netiboli. Wanafunzi wakaleta wavu, na wazee wenye vitambi wakapewa kamba ya kuvuta. Hawakuwa na jina la maana. Wakaiita Jumamosi tu, na wanachama wakaitwa watu wa Jumamosi. Ukiugua, Jumamosi inakuja hospitali. Ukifungiwa mlango na mwenye nyumba, unalala kwa mtu wa Jumamosi.

"Halafu ukaja mwaka wa ugonjwa," Neema alisema. "Watu wakaondoka bila kuaga. Mtu leo yupo, kesho simu haipatikani. Ndipo baba akaweka ile sheria ya daftari."

"Sheria gani?"

"Utaisikia kesho, Bibi. Mimi siwezi kuisema vizuri."

Jumamosi, saa nane mchana, tulikwenda uwanjani. Ni uwanja wa saruji chini ya barabara ya juu. Magari yanapita juu ya kichwa chako, huyaoni, unasikia tu mngurumo. Mchana ule kulikuwa na ukungu, na saruji yote ilikuwa inatoa jasho, inang'aa kama mgongo wa samaki. Watu wa Jumamosi walikuwa wanapanguza kwa mifagio na matambara. Mlinzi wa uwanja ni bibi wa Kichina, wote wanamwita Ayi, yaani shangazi. Alikuwa anapanga vikombe vya chai ya moto juu ya benchi. Aliwaangalia watu, akawahesabu kwa kidole, akamimina.

Nilihesabu watu, na mimi na Neema tukiwemo. Kumi na tisa. Nikahesabu vikombe. Ishirini.

"Mwambie kakosea," nilimwambia Neema.

"Tulishamwambia, Bibi. Anahesabu upya, anapata vile vile. Miaka miwili sasa."

Wakajipanga mstari. Mimi nikaona nafasi katikati, nikaenda kusimama. Mstari mzima ukaangalia miguu yangu. Nikaangalia chini. Saruji yote imelowa, ila pale nilipotaka kukanyaga palikuwa pakavu, padogo, upana wa miguu miwili iliyosimama pamoja. Hakuna aliyepapanguza. Nilirudi nyuma, na mimi si mtu wa kurudi nyuma.

Katibu wao ni Akinyi, mama wa Kenya, mrefu, muuzaji wa mabegi. Alifungua daftari akaanza kuita. Aliyepo alijibu, "Nipo." Wengine hawakuwepo, lakini walijibiwa. "Mutua!" "Yuko njiani." "Chantal!" "Yuko njiani." Katika majina yale karibu nusu walikuwa njiani, na hakuna aliyecheka.

"Elia!"

Kimya. Walinyamaza wote, na Neema akafumba macho. Ndipo niliposikia, ndani ya stoo ya vifaa iliyofungwa kwa kufuli, mpira ukidunda. Mara moja tu. Du.

Akinyi akalamba kidole, akafunua ukurasa, akaendelea na jina linalofuata, kama mtu aliyejibiwa.

Nilimngoja amalize, nikasogea.

"Karibu Shosho," alisema, ndivyo Wakenya wanavyomwita bibi. "Tumekungoja sana."

"Sikuja kukaribishwa. Nimekuja mfute jina la mwanangu."

"Hatuwezi, Shosho."

"Daftari lenu, kalamu yenu, mkono mnao. Kinachowashinda nini?"

"Sheria ni yake mwenyewe." Alifunga daftari, akalikumbatia. "Kontena likitoka Nansha, Elia hakufunga hesabu yake mpaka mwenye mzigo apige simu akiwa amesimama mlangoni kwake, aseme umefika. Meli imetia nanga? Haitoshi. Lori limeondoka bandarini? Haitoshi. Mlangoni. Akatuambia, mtu asizidiwe heshima na suruali za jinzi za Xintang. Anayeondoka hapa anaitwa mpaka kwao waseme amefika. Hapo tu ndipo tunapiga mstari."

"Na Elia?"

"Elia tulimsindikiza hadi uwanja wa ndege, sote tukiwa tumevaa jezi. Tukapiga simu kwenu. Tukapiga tena. Shosho, tulipiga mpaka tukaona aibu."

Neema alikuwa anaangalia viatu vyake. Alijua simu ilikuwa ya nani, na hakuwa amenisema kwa mtu.

"Simu ilikuwa yangu," nikasema. "Nilizima mimi."

Magari yalinguruma juu. Nilikuwa nimevuka bahari kuja kuwakaripia watu kwa kumshika mwanangu, kumbe aliyemshika ni mimi, kwa kidole hiki kimoja.

"Basi nawaambia sasa," nikasema. "Tulimpokea. Tumemzika. Amefika. Piga mstari."

Akinyi hakulifungua daftari. "Shosho, samahani. Umesimama mlangoni kwako?"

Nilitaka kumzaba kibao. Mzee mmoja wa Kikongo, kocha wao, akaingilia upesi. "Mama, usimkasirikie. Kuna mteja alimpigia Elia akiwa amebakiza nyumba mbili tu afike kwake. Elia akamwambia, 'Papa, fika kwanza.' Akakata simu."

Watu wakacheka, na mimi nikajikuta nacheka, maana ni yeye kabisa. Baba yake alikuwa hivyo hivyo. Ukimwambia ugali umeiva anakuuliza umeonja.

"Haya," nikasema. "Nitafika kwanza." Kisha nikageukia pale pakavu, nikamsalimu kwa lugha ya kwetu mbele ya watu wote, na sikuona haya. "Elia. Kamwene, mwanangu. Nilikasirika, nikakuacha umesimama. Tunaondoka Alhamisi, mimi na Neema. Usichelewe."

Stoo ilikuwa kimya. Wakacheza mchezo wao. Neema alicheza netiboli, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nilisikia sauti yake ikigombana na mtu juu ya mpira.

Alhamisi, saa nne asubuhi, tulipita uwanjani kuaga, mabegi yakiwa ndani ya teksi. Alikuwepo Ayi peke yake, anafagia. Hatuna lugha moja, mimi Kichina changu chote ni "meiyou", hakuna, nilichokisikia madukani. Alituangalia, akaonyesha kidole kwangu, kwa Neema, na pembeni ya Neema. Akaingia kibandani kwake akaleta machungwa. Matatu. Nilimwonyesha vidole viwili. Akatikisa kichwa, akasema neno refu, akanifumbata mkono juu ya yale matatu.

"Anasemaje?" nilimuuliza Neema.

"Anasema tusimwache mlangoni, ndege itamwacha."

Nilishika mlango wa teksi wazi kwa muda, kama unavyomshikia mtu mzito. Kisha nikaufunga.

Makambako, Jumamosi, saa tatu asubuhi. Basi la usiku lilitushusha barabarani, tukapanda kwa miguu. Kulikuwa na baridi yetu hii, umande umelaza majani yote. Jirani yangu, Mama Tuli, aliyebaki na funguo, alikuwa amewasha moto na chai iko tayari. Juu ya kigoda aliweka vikombe vitatu.

"Wewe hunywi?" nilimuuliza.

"Nimeshakunywa. Hivyo ni vyenu. Mgeni wenu mwanaume amebakia wapi? Nimewaona mnapanda watatu."

Neema akanishika mkono. Mama Tuli hajui lolote la Guangzhou, na sikuwa nimemwambia mtu.

"Mimina," nikasema.

Sikuvua viatu. Nilisimama kwenye kizingiti, miguu yote miwili, nikampigia Akinyi. Kwao ilikuwa saa nane mchana. Nikasikia magari ya juu, nikasikia watu, kisha sauti yake, "Ngoja Shosho, nimefika kwenye jina lake." Akaita kwa nguvu, "Elia!"

"Amefika," nikasema. "Nimesimama mlangoni kwangu. Neema pia amefika."

Wote kwa pamoja, kwa Kiswahili cha kila nchi, wakasema, "Amefika."

"Nimepiga mstari, Shosho," Akinyi alisema, na alikuwa analia. "Na stoo imenyamaza."

Nilichukua kile kikombe cha tatu nikaenda nacho nyuma ya nyumba. Umande ulikuwa umefunika kila kitu, kaburi la baba yake na lake na majani yote kati yao. Kando ya kaburi la Elia palikuwa na sehemu ndogo kavu, upana wa miguu miwili iliyosimama pamoja. Nilimwaga chai hapo, ardhi ikanywa, pakawa pamelowa kama kwingine.

Nilichojifunza si kingi. Kumzika mtu bila kuwajibu waliompenda ni kumzika nusu. Hasira yangu niliiona ni msiba, kumbe ilikuwa kufuli. Neema anafundisha Njombe sasa, na amefunga pete ya netiboli kwenye nguzo ya shule. Jina lake huko Guangzhou limepigwa mstari. Na simu yangu ikiita, hata kama namba siijui, napokea.