Wimbo ya Ndoa mu Salle d'Opération

Municheke tu, bandugu, haya ninayo ya kutosha mimi na batoto yangu, na mupaka leo nikipita karibu na ile hopitali ya Butembo ninainamisha kichwa kama mutu mwenye kutafuta kifungo ya shati yake mu vumbi.

Ilikuwa ile myaka ya vita. Hernie, ule ugonjwa wa matumbo kutokeza, ilinitesa muda murefu (kubeba mifuko ya maharagi ku soko njo kulinipatia ile zawadi), basi dokta akakubali kunipasua, mais dawa ya kulalisha mutu kabisa ilikuwa imekwisha juu ya barabara ya Kasindi kufungwa, donc nitapata sindano ya mugongo tu, miguu ikufe, macho ikae wazi. Nikatetemeka mupaka kitanda ikalia. Dokta, mutu wa Kasai mwenye roho ya upole, akaniambia: "Papa Kasereka, leta muziki yenye unapenda. Mugonjwa akisikia wimbo, moyo inatulia."

Mukristu mwingine angeleta kaseti ya korali. Mimi nikaleta ya ndoa ya mudogo wangu kule Kanyabayonga, yenye ngoma na vigelegele.

Masika, infirmière mwenye kusaidia dokta, akaniweka écouteurs ya kaseti ku masikio, akatundika kitambaa mbele ya uso nisione tumbo yangu. "Inatosha, Papa?"

"Ongeza."

Akaongeza.

"Ongeza tena, Mama." (Hapo njo nilijichimbia shimo.)

Woga ikaniacha kabisa. Kisu sikuisikia, nilikuwa Kanyabayonga ninacheza, na nikaanza kuimba. Mutu mwenye kuziba masikio hajue sauti yake ni kubwa namna gani, mimi nilifikiri ninanong'ona, kumbe hopitali nzima ilinisikia: "Mama, simama ucheze, mutoto wako amefika! Mama, simama ucheze!"

Yenye kufuata niliambiwa baadaye. Camion, gari kubwa yenye kutoka Beni, ilipigwa masasi ya bunduki mu njia, wakaleta batu ya kuumia, na Masika wakamuita mbio ku couloir, kule nje ya chumba. Dokta akabaki na musaidizi wake, bote na gants safi ku mikono, vidole mu tumbo yangu, hapana mwenye aliweza kugusa ile kaseti. Dokta akapiga kelele: "Papa, nyamaza! Nyamaza!" Mimi niliona kitambaa inatikisika, nikafikiri naye anacheza. Nikaongeza sauti.

Masika akarudi, akaning'oa écouteurs kwa nguvu. Njo nikasikia kilio nyuma ya ukuta ya mbao.

"Nani analia?"

"Mama Kavira," akasema, bila kuniangalia. "Kambale, mutoto wake, alikuwa mu camion yenye imepigwa masasi. Amekufa. Na wewe unaimba."

Mama Kavira anauzaka maharagi kando yangu ku soko. Kambale alikuwa ananisaidiaka kufunga mifuko. Nilitaka kushuka nimuendee, mais miguu ilikuwa ya mutu mwingine, ikabidi nilale pale wananishona.

Mu chumba ya bagonjwa batu bakapita mu mulango kuniangalia: "Njo ule mwenye aliimba." Muke wangu Kahindo alileta chakula, akafunika uso na kitenge, akatoka.

Kidonda ilipoanza kufunga nikaenda ku matanga ya Kambale, nimejikunja kama muzee. Batu bakasogea pembeni, nikabaki peke yangu mbele ya mukeka ya Mama Kavira.

"Mama, unisamehe. Sikusikia."

Akasema: "Papa Kasereka, wewe ulikuwa mugonjwa. Mais nikuambie. Nilikaa ku banc ya kungojea kule hopitali, walikuwa bado hawajaniambia kitu, kila mutu ananipita mbio. Nikasikia wewe unaimba, mutoto amefika. Nikasema, hapana mutu anaweza kuimba vile kama mutoto yangu amekufa, huyu amemuona muzima." Akavuta kitenge ku mabega. "Nikasimama, Papa. Nilisimama mbele ya batu bote, ninacheka. Masika njo alinikalisha."

Nikakaa chini kando ya wanaume, na hata pale hapana mwenye alinisogezea kiti.

Vita ilipokwisha, hernie ikarudi upande mwingine. Dokta mupya, kijana, akaniuliza nitapenda kusikia muziki gani. Nikamuambia: "Hapana, mwanangu. Acha masikio wazi. Nikiogopa, nitaogopa na wenzangu."