Kukhu Ndani ya Karavani

Breki za lori zikiungua hutoa harufu ya mpira na chuma vilivyokaangwa pamoja. Juzi nilikuwa kwenye foleni ya magari nikitoka Sandton, hapa Johannesburg, lori la mchanga liko mbele yangu, harufu hiyo ikaniingia puani na viganja vyangu vikalowa jasho papo hapo. Mwenzangu wa kazini aliyekuwa kando yangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimemkumbuka bibi yangu. Alinitazama kwa jicho la huruma, nami sikuwa na nguvu za kumweleza. Acha niwaeleze ninyi.

Mwaka niliotimiza miaka tisa, baba yangu alinunua karavani, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari. Ilikuwa imetumika tayari, nyeupe, ndefu kuliko sebule yetu, na aliipenda kupita kiasi. Baba alikuwa mhasibu, mtu wa kupima kila kitu. Jumapili baada ya kanisa alituchukua kwenye uwanja wa kuegesha magari wa soko lililofungwa, akajifunza kurudi nyuma nayo mpaka shingo ikamkakamaa. Gari letu lilikuwa kubwa, la viti saba, lenye nguvu za kutosha, lakini yeye alisema nguvu si kitu, kitu ni uzito umekaa wapi. Aliichukua mizani ya bafuni, ile ambayo Mama aliitumia kujitia majonzi, akaiweka chini ya pua ya karavani, pale inaposhikana na gari, kuona inalemea kiasi gani. Masanduku ya vyakula na madumu ya maji aliyapanga katikati, juu ya magurudumu, na mengine mbele kidogo.

"Nekesa, sikia," aliniambia. "Mkia ukiwa mzito, mkia ndio utaendesha gari. Si mimi."

Desemba hiyo Kukhu, yaani mama yake Mama, alikuwa amekuja kututembelea kutoka kwetu Bungoma, Kenya. Sasa lazima mjue jambo moja kuhusu watu wetu. Mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hawapeani mikono, hawaketi karibu, hawali meza moja, na kitanda cha mkwe ni kitu ambacho mama mkwe hakigusi hata kwa ncha ya kidole. Nyumba yetu ya Johannesburg ilikuwa na ushoroba mwembamba, kwa hiyo Baba alikuwa akikohoa kabla ya kutoka chumbani ili Kukhu apate nafasi ya kujificha. Wakitaka kuambiana jambo, walinituma mimi. Nilikuwa simu yao. "Mwambie babako sukari imekwisha." "Mwambie Kukhu nimesikia." Na wote wawili walikuwa jikoni, wamepeana migongo.

Safari ilikuwa ya Durban, ili Kukhu aione bahari. Kupanda gari la mkwe alikataa katakata, kwa hiyo Baba alimlipia basi. Ila kadiri siku ilivyokaribia Kukhu aliingiwa na hofu. Hakujua Kizulu, Kiingereza chake kilikuwa cha salamu tu, na alikuwa amesikia habari za stesheni za mabasi ambazo hazikumfurahisha. Mama, aliyebanwa katikati, akafanya alilofanya. Asubuhi ya safari nilimwona akipitisha chupa ya chai kwenye mlango wa karavani, na mkono wa Kukhu ukaipokea. Mama akanikata jicho. Baba alipotoka aliambiwa kwamba dada mmoja wa kanisani amekwisha kumpeleka Kukhu kwenye basi. Hakuuliza zaidi. Mwanamume wa kwetu haulizi mama mkwe wake amepita wapi.

Nilikaa kiti cha nyuma kabisa, na kila mara niligeuka kutazama pazia la karavani. Mwanzoni niliona kitambaa cha kichwa cha Kukhu. Kisha sikukiona tena, nikadhani amelala.

Hakuwa amelala. Kitanda cha Mama na Baba kilikuwa mbele, na Kukhu alipogundua amekaa karibu nacho, alihamia mkiani. Tena akaona vyakula atakavyokula kesho vimepangwa ubavuni mwa kitanda cha mkwe wake. Kwa macho yake hiyo ilikuwa aibu. Basi gari likienda, yule mama akavivuta vyote nyuma, sanduku baada ya sanduku, pamoja na madumu ya maji na gunia lake mwenyewe la unga wa wimbi, akajipangia na pahali pa kuegemea.

Tulikuwa tumeuacha mji nyuma, tunateremka mlima mrefu, lori refu lilipotupita. Upepo wake ulitusukuma. Karavani ikatikisika kulia, ikarudi kushoto, na badala ya kutulia ikazidisha. Nyuma ya gari letu ikaanza kurushwa huku na huku. Kichwa changu kiligonga dirisha. Magari nyuma yetu yakapiga honi.

"Funga breki!" Mama alipiga kelele.

"Hapana. Nikifunga tunapinduka." Sauti ya Baba ilikuwa ndogo ajabu. Alikuwa ameondoa mguu kwenye mafuta na ameushika usukani bila kuuzungusha, lakini mteremko ulituvuta tu. Kisha akasema, "Naiegemeza karavani kwenye ule ukingo wa chuma wa kando ya barabara. Ikivunjika na ivunjike, ni bati tu. Hakuna mtu ndani."

Nilimtazama Mama. Mdomo wake ulikuwa wazi na hakuna kilichotoka. Mpaka leo sijaona uso kama ule. Gari likaanza kusogea kando, ukingo ukaja karibu, na mimi ndiye niliyelia kwa nguvu zangu zote:

"Kukhu yuko ndani! Baba, Kukhu yuko ndani!"

Sitasahau shingo ya Baba. Ilishtuka kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Hakugeuka, hakuuliza. Alirudisha gari katikati ya njia taratibu, akashika usukani, akasubiri. Kusubiri tu, huku tukirushwa. Alikuwa akinong'ona jina la Mungu na jina la kwetu la heshima kwa mama mkwe, moja baada ya jingine. Mteremko ukapungua. Karavani ikapunguza hasira kidogo kidogo, akaanza kugusa breki kwa unyayo mwepesi, na harufu ile ikajaa garini. Mwishowe tukasimama pembeni.

Baba ndiye aliyekimbia wa kwanza. Alifungua mlango, akaona, akageuza mgongo. Ndani kila kitu kilikuwa kimemwagika. Kukhu alikuwa chini mkiani, mweupe wa unga, mguu umebanwa na masanduku, damu inamtoka kwenye kipaji cha uso.

"Mwulize kama ameumia," Baba aliniambia, akitazama majani ya kando ya barabara.

"Mwambie sijaumia," Kukhu akasema, na meno yake yalikuwa yakigongana.

Mtu mmoja mwenye bakkie, yaani pikapu, alikuwa amesimama nyuma yetu. "Eish, mama!" alisema, akashika kichwa. Mama alijaribu kupanda kidato, akateleza kwenye unga uliomwagika, akarudi chini. Lori jingine likapita na karavani nzima ikayumba na Kukhu ndani yake. Hapo Baba akavua kofia, akaingia, akayasukuma masanduku, akambeba mama mkwe wake mikononi kama mtoto mchanga. Mama alifunika macho.  Kuyumba kwa karavani kulinitisha, lakini hili lilinitisha zaidi.

Kukhu alikuwa analia. Alimtazama Baba usoni, nadhani kwa mara ya kwanza, akamwambia yeye mwenyewe bila kupitia kwangu: "Sasa utaniogopa tena?"

 Baba alimlaza kwenye blanketi, akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, kisha nyingine tena, mpaka akafika mbali kabisa, akatugeuzia mgongo. Nilikasirika. Nilimwona hana adabu, kumwacha mgonjwa na swali lake.

Miaka ilipita. Nilipokaribia kuolewa, Mama alinieleza habari za dada yake mkubwa. Mume wa dada huyo alizoeana na Kukhu. Alikula kwake, alimtania, alimwita rafiki. Na nyumbani alimpiga mkewe mpaka sikio moja likafa, kwa sababu hakukuwa na mtu kule ukweni aliyemtia hofu. Kukhu aliapa kwamba mkwe wa pili hatamzoea maisha yake yote. Kukohoa kote kule ushorobani, kutumwa kwangu kote, kulikuwa ni ulinzi aliouweka juu ya binti yake, na siku ile kando ya barabara aliona umevunjika mbele ya macho yake. Hakuwa akilia kwa ajili ya mguu. Na Baba, kwa zile hatua zake za kurudi nyuma, alikuwa amemjibu.